Glavu kwanza, jaketi baadaye

Umeuliza kama jaketi la mvua linatosha kuvuka milima kwa baiskeli hali ya hewa ikiwa kigeugeu. Kupanda, linatosha na kubaki. Shughuli ipo kwenye kushuka. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, na ukifika juu jezi imeshalowa jasho. Ukianza kuteremka hukanyagi tena pedali, upepo unakupiga kifuani, na vidole vikifa ganzi hubani breki hata ukitaka. Ndiyo maana mimi ningebeba glavu za vidole vizima kabla ya kitu kingine chochote. Vaa kila kitu pale pale juu, kabla hujaanza kutetemeka, zipu hadi shingoni. Huna kizibao? Gazeti chini ya jezi. Mbinu ya wakongwe hiyo, na bado inafanya kazi. Breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, zikilowa huchelewa kushika, kwa hiyo ziguse kidogo mapema kabla ya kona zifute maji. Ondoka alfajiri, maana ngurumo za milimani hupenda alasiri. Na usidanganywe na kalenda: kwenye Stelvio, njia ya kuvukia milima kule Italia yenye kimo cha mita 2,757, theluji huweza kuanguka hata Julai.