Msiuze Ardhi kwa Sababu ya Barua ya Udahili

Juzi dada mmoja wa Mwanza ameniandikia. Amepata udahili wa masta katika chuo kimoja cha Uingereza, hana ufadhili, na wakala wake wa Dar es Salaam anambana alipe malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inaondoka. Mama yake yuko tayari kukopa SACCOS na kuuza kiwanja. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, niende nisiende?"

Nilimpigia tukaongea kwa kirefu. Nilimwambia asilipe, na asimruhusu mama aguse kiwanja. Lakini kila msimu wa udahili ukifika napata ujumbe wa namna hii, na wengi wenu mnaonisoma mna ndoto ileile niliyokuwa nayo mimi: kusoma nje, kurudi na jina, kuinua nyumbani. Kwa hiyo leo naeleza yote, hata yale ambayo bado yananiuma.

Mimi ni mtu wa Marangu. Nilisoma sayansi ya udongo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nikafaulu vizuri, nikapata kazi maabara. Mshahara ulikuwa mdogo, na Bodi ya Mikopo ilikuwa inakata asilimia 15 yake kila mwezi kulipa mkopo wangu wa chuo. Nikaomba masta Uingereza, nikapata. Siku barua ilipofika nyumbani mama aliisoma kwa sauti mbele ya majirani, Kiingereza chake kile cha darasa la saba la zamani, na hakuna aliyeuliza barua inasema nani atalipa.

Ada ilikuwa pauni 19,500. Kwa bei ya pauni ya wakati ule, kama shilingi 3,000 hivi, hiyo ni milioni 58 na nusu. Nyumbani hatukuwa na fedha hizo. Tulichokuwa nacho ni kihamba.

Kwa asiye Mchaga niseme kidogo. Kihamba si shamba la kawaida. Ndipo ilipo migomba na kahawa, ndipo inapojengwa nyumba, na ndipo tunapozika. Baba amelala pale, hatua chache kutoka kwenye masale, mimea tunayopanda kuweka mpaka. Mfanyabiashara mmoja wa Moshi alikuwa amekipenda kile kipande cha chini kinachogusa barabara, ajenge nyumba ya wageni. Alitaja milioni 40. Zilizobaki zingekopwa.

Kikao cha ukoo kikaitishwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Niliingia pale nikidhani nitaombwa nivumilie, kumbe walishakubaliana wauze. Baba mdogo ndiye aliyeongoza. Mama alisema, "Baba yako angekuwepo angeuza." Nikawaomba waniruhusu kufanya hesabu mbele yao.

Nilikuwa nimemuuliza mkuu wangu wa kazi: nikirudi na masta, mshahara unaongezeka kiasi gani? Akasema kati ya laki tatu na laki nne kwa mwezi. Haya, chukua laki nne, kiasi cha juu kabisa, usile, usivae, usilee mtoto, yote uyaweke kulipia ile milioni 58. Ni zaidi ya miaka 12. Na hiyo ni ada peke yake, hatujagusa chakula, chumba, viza wala nauli. Baada ya miaka 12 fedha zimerudi, lakini ardhi hairudi, maana Marangu hakuna mtu anayekusubiri akuuzie tena kipande cha baba yako.

Nikasema siendi. Ukimya ule sijausahau. Baba mdogo akaweka chini kata yake ya mbege akasema, "Tumesomesha mwoga."

Miaka imepita na neno hilo hajalifuta. Kila Desemba tukipanda nyumbani ananitambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye msomi wetu wa Ulaya," anacheka, na watu wanapiga makofi. Nacheka nao. Lakini ningependa siku moja aseme kwamba nilikuwa sahihi, aseme mbele ya watu walewale waliokuwepo kwenye kikao.

Narudi kwa dada wa Mwanza, kwa sababu mambo ya Uingereza ya sasa ni magumu kuliko ya wakati wangu. Wakala amemwambia, "Ukifika utafanya kazi, ada utaimaliza hukohuko." Tuipime kauli hiyo. Mwanafunzi wa masta mwenye viza ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Chukua kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Zidisha: pauni 244 kwa wiki, kama 1,060 kwa mwezi, kabla ya makato yoyote. Sasa serikali yao wenyewe, tangu Novemba 2025, inataka mwombaji wa viza aonyeshe pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi akisoma nje ya London, na 1,529 akisoma London, hadi miezi tisa. Maana yake, hata ukipata zile saa 20 zote, kila wiki, bila kuugua, bila mitihani, hujafikia kiasi ambacho wao wanasema ndicho cha kuishi. Hiyo ada utailipa na nini?

Na fedha hizo za kujikimu lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza. Juu yake kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, unalipa kabla hujapanda ndege. Mwenye mke, mume au mtoto ajue kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wa masta ya darasani hawaruhusiwi kwenda na familia. Na ile viza ya kubaki kutafuta kazi baada ya kuhitimu, ambayo mawakala wanaitangaza sana, kwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027 inashuka kutoka miaka miwili hadi miezi 18. Haya yote yako wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Wakala hakumwambia hata moja.

Nisikilizeni kuhusu mawakala. Vyuo vingi vinawalipa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayeingia. Ada ya wazawa kwa shahada ya kwanza kule imewekewa kikomo na serikali, ada ya mgeni haina kikomo, kwa hiyo mgeni ni mapato. Ndiyo maana udahili wa masta ya kujilipia unakuja haraka. Usiulinganishe na ufadhili. Wanaokudahili wamesema una sifa za kusoma. Wanaokufadhili ndio wanaosema wako tayari kuweka fedha zao juu yako.

Je, mimi nilifanya nini baada ya kusema siendi? Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea, wanakataa halafu wanakaa. Kwanza nilikiandikia chuo kuomba waniahirishie kujiunga hadi mwaka unaofuata. Walikubali, kwa barua pepe ya mistari minne. Vyuo vingi vinakubali ukiomba mapema na kwa adabu, lakini wakala hawezi kukuambia hilo. Pili nilirudi SUA kwa mwalimu aliyesimamia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, nikamwambia ukweli wote. Akaniunganisha na mradi uliokuwa unachukua sampuli za udongo kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nilibeba mifuko ya udongo migongoni mwa vilima ambavyo nimekulia, nikajifunza kwa nini kahawa ya shangazi yangu inanyauka wakati ya jirani inazaa. Udongo wetu wa volkano unaishika fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati, hata mkulima akiweka mbolea. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma darasani nikafaulu mtihani wake. Kulikuta kwa shangazi yangu kulinipa swali la utafiti.

Na swali hilo ndilo lililonipa ufadhili. Barua yangu ya kwanza ya maombi, ile ya Uingereza, ilisema napenda sayansi na nataka kuendeleza taifa langu. Ya pili ilisema kuna wakulima wa kahawa huku kwetu wanaweka mbolea isiyofanya kazi, nataka kujua ni kiasi gani na wafanye nini. Niliomba Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kwa ufadhili wa VLIR-UOS, ambao ni mpango wa vyuo vya Flanders, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi, kwa wanafunzi wa nchi kama zetu. Wakanichukua. Ada, tiketi, bima, posho ya kila mwezi, vyote vikalipwa. Kihamba kiko palepale, na migomba ya kile kipande cha chini nimeiongeza kwa mkono wangu.

Miaka miwili ya Ghent sitaisimulia. Baridi ni baridi, baiskeli ni baiskeli. Nataja kitu kimoja tu. Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyekuwa akijilipia mwenyewe, mwenye akili kunizidi mimi, na huyo aliosha vyombo usiku mgahawani hadi macho yakawa mekundu kila asubuhi. Mimi nilikuwa maabara, yeye alikuwa jikoni kwa watu. Wakati wa kuandika tasnifu niliona wazi kwamba nilichopewa na ufadhili ni muda. Fedha niliziona zikiingia na kutoka, lakini muda ndio uliokuwa wangu.

Sasa ushauri, na naomba mnielewe kwamba nausema kwa sababu nimeupitia. Swali la kwanza la barua yoyote ya udahili ni nani analipa. Si jina la chuo, si nafasi yake kwenye orodha za ubora, si picha za majengo. Nani analipa, analipa nini, kwa muda gani, na akiacha kulipa katikati utafanya nini. Ukijibiwa "punguzo la asilimia 20" ujue bado asilimia 80 ni yako na ya mama yako. Punguzo si ufadhili. Narudia, punguzo si ufadhili.

Swali la pili ni ongezeko la mshahara, kama nilivyolifanya pale kwenye kikao. Muulize mtu aliyeko kazini, usimuulize wakala. Kama jibu linakupa miaka 12, jibu umelipata.

Sisemi kila anayejilipia amekosea. Kama mwajiri anakulipia na kukushikia kazi yako, nenda. Kama wazazi wana fedha ambazo zikipotea hakuna atakayelala njaa, nenda, na Mungu akubariki. Ninayemsema ni yule ambaye ada yake ni kiwanja pekee cha familia, ng'ombe wa mwisho, mkopo wenye jina la mama. Huyo hana haki ya kucheza na maisha ya watu wengine kwa ajili ya picha ya joho. Ndugu zangu, elimu ni jambo takatifu, lakini mama akibaki bila paa, elimu hiyo umeinunua kwa machozi ya mtu mwingine. Tuwe na subira. Mwaka mmoja wa kusubiri ukiwa kazini haujaua mtu.

Njia zipo, na si Uingereza tu. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Lakini utatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu, kwa hiyo "bure" si bure kwa asiye na ufadhili kama wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, inalipa ada na euro 1,400 kwa mwezi, na unasoma katika nchi zaidi ya moja. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipa kila kitu kule, ila inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Marekani, hasa kwa shahada za uzamivu, tafuta idara inayokupa kazi ya kufundisha au utafiti pamoja na msamaha wa ada. Vyuo vingi vya kule vimekubaliana kwamba mtu aliyepewa nafasi yenye fedha asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15, kwa hiyo ukibanwa mwezi wa pili, waulize kwa heshima kuhusu tarehe hiyo.

Na kabla ya kusaini popote, hakikisha chuo chenyewe kinatambuliwa. Nyumbani ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayotambua shahada za nje, kwa wenzetu wa Kenya ni CUE, tume yao ya elimu ya vyuo vikuu. Nimeona mtu amerudi na cheti kizuri kwenye fremu na mwajiri akamwambia asubiri.

Mwisho ni kalenda. Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa kati ya Oktoba na Novemba. Programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Barua za walimu wanaokupendekeza ndizo zinazochelewesha watu, kwa sababu walimu wetu wana mitihani ya kusahihisha na wanafunzi mamia. Nenda kwao Julai, ukiwa umechapa ukurasa mmoja unaoeleza ulichofanya tangu uhitimu na swali unalotaka kulitafiti, na uwakumbushe kila baada ya wiki mbili. Wangu alinisahau kabisa mara ya kwanza. Nilimfuata hadi ofisini Morogoro nikakaa kwenye benchi hadi akaituma.