Diski moja ya RAID 1 imekufa, naanzia wapi?

Swali: Mkuu, nina seva ya Linux, diski mbili RAID 1 (data ile ile kwenye zote mbili) ya mdadm, ile programu ya Linux ya kusimamia RAID. Leo nimecheki hali ya RAID kwenye /proc/mdstat naona [2/1] [U_]. Mafaili bado yanafunguka. Nichomoe mbovu niweke mpya basi?

Jibu: Subiri kwanza mkuu, bisibisi iweke pembeni. Hiyo 2/1 ni diski mbili zinazotakiwa, moja tu ipo kazini; U ni diski inayofanya kazi, kile kimstari ni nafasi ya iliyotoka, kwa hiyo saa hizi data zako zote ziko kwenye diski moja ambayo pengine ilinunuliwa siku moja na mwenzake na imezunguka masaa yale yale, halafu kwenye kujenga upya RAID (kunakili data kwenda diski mpya) itasomwa mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika. Mimi naiogopa hiyo nzima kuliko iliyokufa. Piga bakapu kwanza, nje ya hiyo mashine, hata kama ni yale mafaili muhimu tu.

Halafu hakikisha unachomoa yenyewe. Haya majina sda na sdb yanaweza kubadilishana ukiwasha upya, usiyaamini, piga smartctl -i /dev/sda (tuseme sasa hivi nzima ni sda, mbovu ni sdb) usome namba ya seriali ya ile nzima, ulinganishe na stika ya diski, inayobaki ndo mbovu. Na kebo nayo itazame, kuna wakati diski haina tatizo lolote, waya tu umelegea.

Ukishajiridhisha (md0 ni jina la RAID yenyewe): mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1, kisha mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdb1, zima, weka mpya isiyo ndogo kuliko ya zamani. Kunakili paticheni (mgawanyo wa diski) ni sfdisk -d /dev/sda | sfdisk /dev/sdb, na hapa soma mara mbili kabla ya kubonyeza enta maana ukigeuza herufi unaweza kuharibu mpangilio wa diski pekee uliyobaki nayo. Mwisho mdadm /dev/md0 --add /dev/sdb1, uangalie asilimia zikipanda kwenye /proc/mdstat. Seva inaendelea kutumika, itakuwa nzito kidogo tu.

Kama mashine inawakia hizo hizo diski na ni BIOS ya kizamani, usisahau grub-install /dev/sdb, inayoweka programu ya kuwashia mfumo kwenye diski mpya, wengi wanairuka hii, siku sda nayo ikifa seva haiwaki kabisa wakati data zipo.

Na ikitokea umewasha md0 haijapanda, jaribu mdadm --assemble --scan. Mtu akikwambia utumie --create mkatalie, hiyo inaandika taarifa mpya za RAID juu ya zile za zamani.