Jibu: Sumu ya panya katika bustani ya ndege

Ndugu, umeuliza kama ni salama kuweka sumu ya panya katika bustani uliyoipanda ili kuvutia ndege na vipepeo. Nakusihi usiiweke. Sumu zinazozuia damu kuganda, kama brodifakumu, hazimuui panya papo hapo. Huchukua siku kadhaa, na katika muda huo panya aliyelegea huwa windo jepesi la bundi, paka au nyoka, ambao nao huipokea sumu hiyo mwilini. Inasikitisha zaidi kwa bundi mweupe, anayefukuzwa na wengi kwa kuhusishwa na uchawi, ilhali chakula chake kikuu ni panya.

Anza na chakula: jioni ondoa nafaka za ndege zilizobaki, okota matunda yaliyoanguka, wala usitupe ugali au nyama kwenye mboji. Chini ya pipa la mboji tandika wavu imara wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Panya wakiendelea kuwapo, tega mitego ya kubana ndani ya kisanduku chenye tundu dogo, ili ndege na kalunguyeye wasinaswe. Ikague kila asubuhi, na uvae glavu unapomtoa aliyenaswa.