Joto ndani ya aloi za alumini: maswali yenu

Mwalimu, kitabu kinasema alumini hupitisha joto kwa 237 W/mK (wati kwa mita kwa kelvini), lakini bamba langu la aloi ya 6061-T6 limepimwa likatoa 167. Nimeuziwa bandia?

Hapana, ndugu. 237 ni ya alumini safi katika joto la chumba. Ndani ya metali wachukuzi wakuu wa joto ni elektroni, na kila atomi ngeni iliyojipachika kati ya atomi za alumini huziyumbisha njiani. 6061 ni alumini yenye magnesiamu na silikoni, na T6 ni hali yake: imepashwa, ikapozwa ghafla, kisha ikakomazwa kwa moto. Kwa hiyo, 167 ndiyo hasa inayotarajiwa. Bamba hilohilo likilainishwa kwa moto hadi hali ya O, hupanda kufikia kama 180. Ndiyo maana nawasihi mniandikie hali ya aloi kila mara. Namba peke yake ni nusu ya jina.

Ni kiungo gani kinachodhuru zaidi?

Uliza kwanza kimekaa wapi. Asilimia 1 ya manganizi, ikiwa imeyeyuka ndani ya alumini, huongeza ukinzani wa umeme kwa mikroomu-sentimita 2.94. Ikijitenga ikawa chembechembe, huongeza 0.34 tu. Alumini safi yenyewe ina 2.65. Ukipitisha hesabu ninayoieleza kwenye jibu linalofuata, ile iliyoyeyuka inakupa takriban 123 W/mK, iliyojitenga 218. Mchanganyiko ni uleule, kilichobadilika ni moto uliopitia! Kromiamu iliyoyeyuka ni kali kuliko manganizi. Zinki haina makuu.

Sina mashine ya leza ya kupimia upitishaji joto. Kipimo cha umeme kitanifaa?

Kitakufaa sana, na mimi ningeanza nacho. Elektroni zinazobeba umeme ndizo zinazobeba joto. Wiedemann na Franz waliuona uhusiano huo mwaka 1853, Lorenz akauunganisha na halijoto mwaka 1872. Kwa aloi za alumini, zidisha 2.1×10⁻⁸ kwa halijoto ya kelvini, kisha kwa upitishaji umeme, halafu ongeza 12.6, ambayo ni sehemu ya joto inayobebwa na mtetemo wa atomi. 6061-T6 yenye 43% IACS (asilimia ya upitishaji umeme wa shaba sanifu) ina upitishaji umeme wa siemensi milioni 24.9 kwa mita. Katika kelvini 293 unapata 166. Linganisha na ile 167 ya juu.

Sampuli ya leza iwe na unene wa milimita 1 au 3?

3. Mwali hupiga upande mmoja, nawe unapima muda ambao upande wa pili hufikia nusu ya kupanda kwake. Kwa 6061, milimita 1 inakupa milisekunde 2 tu, na hapo urefu wa mwali wenyewe huanza kuharibu kipimo. Milimita 3 inakupa 18. Unene huingia kwenye hesabu ukiwa kipeo cha pili, kwa hiyo kosa la 1% huzaa 2%. Paka grafiti pande zote mbili, maana alumini huakisi mwanga kama kioo.

Modeli yangu itumie thamani moja kwa halijoto zote?

Kwa alumini safi hutakosea sana: 237 katika kelvini 300, 231 katika 600. Aloi nyingi hupanda zikipashwa, kwa sababu kizuizi cha atomi ngeni hakibadiliki na halijoto. Ila T6 ikipashwa kupita moto wa kukomazwa kwake, chembe hukua na metali inakuwa nyingine. Pima ukipanda, pima tena ukishuka. Mistari miwili isipolingana, usiipe modeli yako mstari wa wastani.