Maswali ya Wasomaji: Mshale Uko Kwenye Kijani, Je, Mtungi ni Mzima?

SWALI: Ndugu Mshauri, nina duka la vipuri vya pikipiki mjini Tanga, jirani na bahari. Ukutani nimetundika mtungi wa kuzimia moto wa poda, wa kilo 6, nilioununua miaka sita iliyopita. Kila mwaka fundi huja, hutazama mshale, hufuta vumbi, hubandika karatasi mpya na kupokea malipo yake. Mwezi uliopita shemeji yangu alijaribu kuzima moto kwa mtungi wa aina hiyo hiyo, mshale ukiwa kwenye kijani, ukatoa upepo mtupu. Je, mimi nimekuwa nikilipia nini?

JIBU: Ndugu msomaji, nasikitika kusema kwamba umekuwa ukilipia karatasi. Mshale ule hupima mgandamizo wa gesi tu, wala hausemi lolote kuhusu hali ya poda. Poda iliyokaa miaka mingi bila kuguswa hushuka na kushikamana, na ikipata unyevu hugeuka mabonge. Ukibana kishikio, gesi hujitobolea njia katikati yake na kutoka peke yake. Inaelekea ndivyo ilivyomkuta shemeji yako.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Teremsha mtungi, pini ikiwa mahali pake, uinamishe polepole hadi kichwa kiwe chini huku umetega sikio ubavuni. Poda nzima husikika ikiteremka kama mchanga mkavu ndani ya chupa, ilhali iliyoganda haisikiki kabisa, au huanguka kwa kishindo kimoja. Tafadhali usiugonge kwa nyundo kwa nia ya kuilegeza, kwa maana chombo hicho kimejaa mgandamizo. Tazama pia kitako, ambako hewa ya chumvi huanza kula chuma kabla ya kwingine, na mdomo wa mpira, ambamo nyigu hupenda kujenga kwa udongo.

Kazi ya fundi kila mwaka ni kuupima mtungi kwenye mizani, kukagua valvu, pini, lakiri na mpira, na kuhakikisha kwamba poda inatembea. Kwa viwango vya Uingereza, mtungi wa poda humwagwa wote na kujazwa upya kila baada ya miaka 5, na kwa vile vya Marekani hufunguliwa na kukaguliwa ndani kila baada ya miaka 6. Kwa vyovyote vile, wako umefika. Simama pale unapojazwa, ukatazame mambo mawili. La kwanza ni gesi, ambayo yapasa kuwa naitrojeni kavu, maana pampu ya kujazia matairi huingiza hewa yenye unyevu, na unyevu ndio adui mwenyewe. La pili ni poda: ile ya fosfeti ya amonia, inayozima hata moto wa mbao na karatasi, haichanganywi kamwe na ya bikaboneti, kwa sababu zikikutana kwenye unyevu huzalisha gesi, mgandamizo ukapanda na poda ikaganda.

SWALI: Mtungi wetu wa ofisini, wa kaboni dioksaidi, hauna mshale. Je, tuliuziwa kibovu?

JIBU: La, mitungi hiyo huundwa hivyo, kwa kuwa ndani yake gesi imegeuka kimiminika na mgandamizo haubadiliki sana hadi kimiminika kiishe. Dawa yake ni mizani. Linganisha uzito na ule uliochapwa kwenye mtungi. Ikiwa wenye kilo 5 za gesi umepungua zaidi ya nusu kilo, upelekwe kujazwa.

SWALI: Mwanangu alichomoa pini ya mtungi wetu wa poda akabana kishikio mara moja tu. Mshale bado uko kwenye kijani. Niurudishe ukutani?

JIBU: Usiurudishe. Chembe za poda zimekwisha kukwama kwenye kiti cha valvu, nayo haifungi sawasawa tena, kwa hiyo gesi itavuja kidogo kidogo hadi mshale uangukie kwenye nyekundu, pengine ndani ya siku chache. Upeleke ukasafishwe valvu na kujazwa upya, na utafute mwingine wa kushika nafasi yake hadi utakaporudi.