Kalsiamu ya damu na jeni ya GNA11: maswali yenu

*Shikamoo daktari. Nimepimwa, kalsiamu yangu ya damu imezidi kidogo. Ni maziwa? Nafuga, nakunywa kila siku. (Mama, Mafinga)*

Marahaba, mama. Ni nadra sana maziwa ya kawaida peke yake kuwa chanzo. Damu hutakiwa kuwa na kama milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita, na mwili huilinda hesabu hiyo kwa nguvu. Tuziangalie kwanza tezi nne ndogo za shingoni, parathiroidi, maana ndizo zinazoisimamia.

*Kaka yangu alipimwa nje ya nchi, karatasi ya majibu imeandikwa GNA11. Ndiyo nini? (Tukuyu)*

Ni jeni iliyo kwenye kromosomu ya 19, na ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo G-alfa 11. Mimi huiona kama mjumbe. Kwenye ukuta wa seli za parathiroidi kuna kipokezi kinachopima kalsiamu inayopita na damu. Kalsiamu ikipanda hukishika, lakini kipokezi hakiondoki ukutani kupeleka habari. G-alfa 11 imekaa upande wa ndani, inasubiri. Ikiguswa huamsha kimeng'enya kingine, na seli inapata ujumbe: punguza homoni. Homoni ya parathiroidi ikipungua, mifupa huachia kalsiamu kidogo na figo huitoa zaidi kwenye mkojo. Kalsiamu ikishuka, mjumbe hunyamaza na homoni hupanda tena. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado inanistaajabisha.

Mwaka 2013 watafiti walieleza kinachotokea jeni hii ikiwa na hitilafu. Mjumbe akiwa mzito, tezi hudhani kalsiamu haijatosha, basi damu inabaki na nyingi huku mkojo ukiwa na kidogo. Akiwa na papara, hupiga mbiu kabla ya wakati na kalsiamu ya damu hushuka.

*Nimeambiwa nikatwe tezi. Marehemu baba naye kalsiamu yake ilikuwa juu miaka yote, wala hakuumwa. (Makambako)*

Pole, ndugu yangu. Usikubali kisu kabla kalsiamu ya mkojo wako haijapimwa. Hili linaniuma, maana wapo watu waliokatwa tezi bure. Ile hali ya kurithi, ya mjumbe mzito na mkojo wenye kalsiamu kidogo, mara nyingi haina dalili, na upasuaji kwa kawaida hauiondoi. Habari za baba mweleze daktari wako kama ulivyonieleza mimi: mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Ila usijipe jibu mwenyewe. Uvimbe wa parathiroidi nao upo, na huo mara nyingi dawa yake ni kukatwa.

*Mwanangu vidole vinakufa ganzi, mikono inakakamaa. Nimnunulie vidonge vya kalsiamu? (Mbalizi)*

Hapana, mama, usianzie duka la dawa. Mpeleke hospitali leo apimwe damu. Akipata degedege usingoje hata saa moja. Ikiwa ni mjumbe mwenye papara, vidonge visivyo na kipimo vinaweza kujaza kalsiamu kwenye mkojo na kumletea mawe ya figo.

*Usipa wana kalsiamu? (Kyela)*

Dagaa hao wa Ziwa Nyasa wanayo, tena nzuri. Uwale wazima, pamoja na miiba yao.