Wamekujazia petroli ya oktani ya chini? Usikimbilie kunyonya tanki

Kwanza tuwe na hakika ni kosa lipi limetokea. Kama gari la petroli limetiwa dizeli, usiliwashe hata kidogo. Lisukumwe pembeni, tanki linyonywe. Lakini kama ni petroli kwa petroli, ila oktani yake iko chini ya inayotakiwa, tulia. Gari litafika, mradi uliendeshe kwa upole mpaka mafuta yale yapungue.

Wengi huamini oktani ni nguvu ya mafuta, labda kwa sababu ya bei. Sivyo. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia mgandamizo na joto bila kujiwakia yenyewe. Plagi ndiyo inayopaswa kuwasha moto ndani ya silinda, na moto ule usambae kwa utaratibu. Oktani ikipungua, mafuta ambayo moto haujayafikia hulipuka yenyewe, na hapo ndipo injini inapogonga. Ukiacha igonge kwa muda mrefu huku umekanyaga mafuta, pistoni ndizo zinazoumia.

Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo fungua kifuniko cha tundu la mafuta uangalie kibandiko. Kijapani kisikutishe: ukiona ハイオク au プレミアム, gari linataka petroli ya juu, レギュラー ni ya kawaida. Piga picha uiweke kwenye simu. Petroli ya kawaida ya Japani huanzia oktani 89 na ya juu huanzia 96, ingawa ya juu inayouzwa vituoni kule mara nyingi hukaribia 100. Ndiyo maana Probox au Vitz haina neno na super yetu, yaani petroli ya kawaida ya vituo vya Kenya, na kuiongezea mafuta ya bei ghali ni kupoteza pesa. Gari lililotoka Marekani lina hesabu yake: likiandikwa 91, hiyo ni kama 95 au 96 kwa kipimo cha RON kinachotumika huku, kwa sababu wao hupima tofauti. Nimeona watu wakihangaika bure, na wengine wakijiamini bure, kwa kutojua hilo.

Dada yangu ana Subaru Forester ya tabo (turbo), ile mashine inayosukumia injini hewa zaidi. Tulikuwa tunatoka Mombasa kwenda Nairobi, tukasimama Voi, naye akaomba ile ya oktani ya juu. Mhudumu akachukua bomba la super ya kawaida, na tulipogundua, tanki lilikuwa limejaa. Dada akataka yanyonywe palepale. Nilimwambia, dada, washa twende, ila leo lori likiwa mbele yetu tutalifuata.

Kwenye tambarare hakukuwa na tatizo lolote. Kabla ya Kibwezi subira ikamwishia. Akakanyaga mpaka chini kulipita lori la makontena, na mlio tukausikia sote wawili: kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo la bati. Akaachia mguu, mlio ukakatika. Kuanzia hapo tukawa tunapunguza gia mapema kabla ya kila kilima, mshale wa mizunguko upande kidogo na mguu ubaki mwepesi. Jambo hili watu hulielewa kinyume. Hufikiri injini ikizunguka polepole ndiyo inapumzika, kumbe kupanda mlima kwa gia kubwa na mizunguko michache, huku umekanyaga, ndiko kunakoigongesha zaidi. Kwenye vilima vya Salama tulizima hata kiyoyozi ili kuipunguzia mzigo.

Joto nalo lina sehemu yake. Mchana wa pwani, pale usawa wa bahari, injini hugonga kwa urahisi kuliko Nairobi iliyo juu karibu mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi. Lakini mwenye tabo asitegemee sana msaada huo, maana tabo huisukuma hewa ile ndani hata ikiwa nyepesi.

Magari ya kisasa yana sensa inayosikia injini ikigonga na kompyuta inayochelewesha cheche za plagi. Utahisi gari limekuwa zito na linakunywa zaidi. Hiyo ni kazi ya kinga, si ugonjwa. Gari la zamani lisilo na sensa hiyo linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa masikio yako ndiyo sensa yenyewe. Taa ya injini ikianza kupepesa, simama.

Tanki likifika nusu, ongezea petroli ya juu. Mafuta huchanganyika na oktani zake huelekea katikati: nusu ya 93 na nusu ya 97 hukupa takriban 95. Chupa za kuongeza oktani sizipendi. Nyingi hujisifu kwa pointi, na pointi 10 ni oktani 1 tu. Tena uliza oktani ya mafuta yenyewe, usitazame jina tamu kwenye pampu. Mafuta mengine huuzwa ghali kwa sababu ya dawa ya kusafisha injini, na oktani ni ileile.

Ila kama gari linalotaka petroli ya kawaida linagonga baada ya kujaza, shuku kwamba petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Hayo huteremsha oktani vibaya, na uchakachuaji huo ndio uliofanya Kenya mwaka 2018 itoze ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hapo kweli nyonya tanki, tunza risiti, na usirudi kituo kile.

Kwa kosa la oktani peke yake, fundi akikuambia ubadilishe plagi, pampu na usafishe tanki, mwombe kwanza aunganishe mashine ya kusomea hitilafu na akuonyeshe alichokiona. Gari la dada lilirudia mwendo wake baada ya kujazwa mafuta yanayolifaa, na hakuna hata kifaa kimoja kilichobadilishwa.